Muuguzi Mpakani: Uhakiki wa Kazi za Grace Ogot na Masimulizi ya Nyanza ya Kusini

Karibu na mji wa Kendu Bay, katika kaunti ya Homa Bay, kuna ziwa dogo la mviringo lenye maji ya magadi ambalo wenyeji huliita Simbi Nyaima, yaani Simbi iliyozama. Wanajiolojia husema kwamba shimo la ziwa hilo lilichimbwa na mlipuko wa volkeno. Wasimulizi wa Karachuonyo wana maelezo mengine. Husema kwamba mahali hapo palikuwa na kijiji, kwamba usiku mmoja watu walikuwa kwenye karamu ya pombe, na kwamba bikizee mmoja asiyejulikana alipita akiomba hifadhi akafukuzwa kila mlango isipokuwa mmoja. Mwanamke aliyempokea alionywa aondoke na jamaa zake. Waliosalia wakafunikwa na maji. Kisa kina matoleo mengi, lakini kiini chake hakibadiliki: mwanamke mgeni alikuja, akakataliwa, na kijiji kikaangamia.

Mwendo mfupi kutoka ziwani kuna kilima cha Gendia. Hapo ndipo Arthur Carscallen, Mkanada, na Peter Nyambo, Mwafrika kutoka Nyasaland, walipoanzisha kituo cha Waadventista Wasabato mwaka 1906. Katika miaka ya 1920 hospitali ya misheni ilijengwa Kendu, na baada ya muda ikawa pia mahali pa kuwafunza wauguzi. Hivyo eneo moja likawa na masimulizi mawili yaliyokaa jirani bila kusemezana: lile la mwanamke mgeni aliyefukuzwa, na lile la wanawake wageni waliokuja na bandeji, kwinini na Biblia, wakapokewa.

Simulizi la pili liliandikwa mapema na liliandikwa sana. Simulizi la kwanza lilikaa vinywani mwa watu kwa vizazi, hata mwaka 1983 Grace Ogot alipolitia katika kitabu cha Kidholuo kwa jina lile lile la Simbi Nyaima. Uteuzi huo wa Ogot haukuwa wa kubahatisha. Kabla ya kuwa mwandishi, mbunge na waziri msaidizi, alikuwa muuguzi na mkunga. Aliyajua masimulizi yote mawili, na kazi zake zinaweza kusomwa kama jaribio la muda mrefu la kuyakutanisha. Makala haya yanadai kwamba Ogot aliuhamisha uzito wa kisa cha muuguzi wa mpakani kutoka kwenye safari ya kufika hadi kwenye kazi ya kugusa, na kwamba wahakiki wengi hawakuliona hilo kwa sababu walikuwa wakitafuta mgongano wa mila na usasa, jambo ambalo mtu akilitafuta katika fasihi ya Afrika Mashariki ya miaka ya 1960 hakosi kulipata.

Kwanza litazamwe simulizi la kimisheni, kwa ufupi, maana fani yake haina mengi ya kushangaza. Kisa huanza na meli na wapagazi. Hufuata maelezo ya nchi: joto, mbung'o, matope, viboko ziwani. Kisha huja mgonjwa wa kwanza, mara nyingi mtoto, anayeletwa usiku baada ya waganga kushindwa. Anapona, na mlango wa kijiji unafunguka. Mwisho kuna kaburi, la muuguzi mwenyewe au la mtoto wake, na waombolezaji wengi weusi ambao hawatajwi majina. Hakuna sababu ya kuubeza ujasiri wa watu hao. Pwani ya kusini ya ziwa ilikuwa nchi ya malale, na bonde la Lambwe liliendelea kuwa makao ya mbung'o kwa sehemu kubwa ya karne ya 20, hata maeneo yake mengi yakakosa wakazi. Atakayesema kwamba kwenda huko na sanduku la dawa kulikuwa jambo dogo atakuwa hajui anachokisema. Kasoro ya fani hiyo iko kwingine. Muuguzi ndiye mtu pekee anayetenda, wengine hutendewa. Na kazi yenyewe ya uuguzi, ile ya kila saa, ya kugeuza mwili, kufua shuka na kumwaga uchafu, haionekani kabisa. Ilikuwa ikifanywa na mtu mwingine.

Mtu huyo mwingine ndiye anayeingia katika fasihi na Grace Ogot. Alizaliwa mwaka 1930, mwenyeji wa Asembo. Alisoma Ng'iya na Butere, akapata mafunzo ya uuguzi katika hospitali ya Mengo, Kampala, kuanzia mwaka 1949 hadi 1953, kisha akaenda Uingereza kusomea ukunga. Huko alifanya kazi pia BBC kama mwandishi na mtangazaji wa vipindi vya Afrika Mashariki. Aliporudi alifundisha ukunga katika hospitali ya Maseno, na baadaye alihudumu katika idara ya afya ya wanafunzi wa Makerere. Ni kweli kwamba vituo vyote hivyo viko nje ya Nyanza ya Kusini. Lakini kusini ndiko wahusika wake wanakoelekea wakitafuta ardhi, na kusini ndiko alikorudi yeye mwenyewe alipotafuta kisa cha kale cha kuandika kwa lugha yake. Aidha, utaratibu wa hospitali za misheni haukutofautiana sana kutoka Maseno hadi Kendu: metroni Mzungu juu, wasichana wa Kiafrika chini yake, na wagonjwa na jamaa zao uani wakipika.

Katika mahojiano na Bernth Lindfors, Ogot alieleza kwamba visa vya mganga wa jadi vikilinganishwa na tiba ya kisasa vilimvutia tangu alipokuwa kazini hospitalini. Alieleza pia kwamba alipopeleka hadithi zake za awali kwenye Shirika la Vitabu la Afrika Mashariki, wahusika wa huko walishindwa kuelewa vipi mwanamke Mkristo aandike juu ya kafara na dawa za kienyeji badala ya wokovu. Mshangao huo una maana kubwa kwa mhakiki. Kwa watu wale, muuguzi wa misheni alikuwa amekwisha kuandikiwa kisa chake. Hakutarajiwa kuwa na kisa kingine. Hata hivyo kisa kile kingine kilitoka. Hadithi yake ya kafara ya mvua ilichapishwa katika jarida la Black Orpheus mwaka 1963, na "Ward Nine", ambayo jina lake tu linatosha kuonyesha inatoka wapi, ikatoka katika Transition mwaka 1964.

Hadithi iliyo muhimu kuliko zote kwa suala hili ni "The Old White Witch", iliyo katika mkusanyiko wa Land Without Thunder (1968). Mahali ni hospitali ya misheni ya Magwar. Metroni Jack anawaamuru wauguzi wa Kiafrika wabebe vyombo vya choo vya wagonjwa wasioweza kutoka kitandani. Wauguzi, wakiongozwa na Monica Adhiambo, wanakataa. Wanasema kwamba mila yao hairuhusu, na kwamba msichana anayeshika kinyesi cha watu wazima wasio jamaa zake hatapata mume. Mzozo unakua mgomo. Jina la hadithi ni jina walilompa metroni: mchawi mzee mweupe.

Usomaji uliozoeleka ni huu: wauguzi wanasimama upande wa mila, metroni upande wa sayansi ya usafi, na mwandishi anawapatanisha kwa huruma ya Kikristo. Usomaji huo haukosi ushahidi, lakini unaacha swali la kwanza kabisa ambalo mtu aliyewahi kufanya kazi wodini angeliuliza: kabla ya amri ile, vyombo vile vilikuwa vikibebwa na nani? Hospitali yenye vitanda haiwezi kupitisha hata siku moja bila kazi hiyo. Kwa hiyo amri ya metroni si kuanzishwa kwa jambo jipya bali ni kuhamishwa kwa jukumu kutoka mkono mmoja hadi mwingine. Na kila kazi inapohamishwa namna hiyo, cheo cha mtu hupanda au hushuka. Wauguzi wale walikuwa wamesomeshwa, wamevaa sare nyeupe, wamepewa jina lenye heshima. Sasa wanaambiwa kwamba sare haiwaondoi mahali pao pa zamani. Wanapoitaja mila, hawaitaji kama watu wa kale wasiojua vijidudu. Wameshafunzwa habari za vijidudu. Wanaitaja kwa sababu mila ndiyo lugha pekee ya kukataa ambayo metroni hawezi kuifuta kwa kalamu. Hawana chama cha wafanyakazi, wana mila.

Hapa ndipo lilipo jambo ambalo mwandishi asiye muuguzi asingeliona. Chombo kile ni kitu kidogo cha aibu, na fasihi ya uzalendo ya wakati ule ilikuwa ikipenda vitu vikubwa: ardhi, bendera, bunduki, kitabu. Ogot aliweka mgogoro wa ukoloni katika kitu ambacho mgeni mwenye adabu hugeuza uso asikitazame. Ni uteuzi wa kisanaa wenye ujasiri kuliko unavyosifiwa. Mtu akiulinganisha na fani ya kimisheni iliyotajwa hapo juu, ataona kwamba mwandishi amefungua mlango wa nyuma wa hospitali na kumwingiza msomaji kupitia huko.

Hata hivyo udhaifu wa hadithi usifichwe. Mwishoni Adhiambo anaugua sana na kurudishwa katika hospitali ile ile aliyoigomea, na ugonjwa wake unalainisha mzozo ambao hoja za pande mbili zilikuwa hazijaumaliza. Huo ni mkono wa mwandishi. Maradhi yanafanywa hakimu, na kwa kuwa maradhi hayajibiwi, wauguzi wananyimwa neno la mwisho. Mhakiki mkali atasema kwamba hapa binti wa Ng'iya na Butere amemshinda mkunga wa Maseno: dini ya shuleni imeingia kumaliza kile kilichoanzishwa na macho ya wodini. Mhakiki mwenye subira zaidi ataona kwamba hata katika mwisho huo Ogot hamfanyi metroni mtakatifu wa kaburini. Anamwacha kuwa mwanamke mwenye kazi nyingi na uelewa mchache.

Riwaya ya The Promised Land (1966) haimhusu muuguzi kwa jina, na pengine ndiyo sababu haijasomwa upande huu. Ochola na mkewe Nyapol wanaondoka Seme kwenda Tanganyika, upande wa Musoma, ambako ardhi inasemekana ni nyingi na yenye rutuba. Nyapol hataki safari hiyo. Ochola anatajirika, jirani mmoja mganga anamwonea kijicho, na mwili wa Ochola unaota vitu kama miiba. Daktari wa misheni anashindwa. Mganga Magungu anafanikiwa, lakini kwa sharti kwamba familia iiache nchi ile mara moja na kurudi ilikotoka. Wahakiki wa awali hawakuipokea riwaya hii vyema. Wengine waliona kwamba nusu ya kwanza ni uhalisia na nusu ya pili ni hekaya, na mshono unaonekana. Mshono kweli unaonekana.

Lakini riwaya hii ndiyo ramani bora ya mpaka wa kusini iliyomo katika fasihi ya kizazi kile. Katika usemi wa Wajaluo, kusini ni Milambo, na Milambo haikuwa upande wa dira tu. Ilikuwa jina la matumaini. Familia zilizobanwa na uhaba wa mashamba kaskazini ya Ghuba ya Winam zilikwenda kusini, zikafika nchi za Kanyamkago, Suna na Kadem katika Migori ya leo, na nyingine zikavuka mpaka hadi nchi ya Shirati na Musoma. Aliyefika hivyo aliitwa jadak, wingi jodak, yaani mkaazi aliyekaribishwa katika ardhi ya wengine na ambaye haki yake hutegemea adabu yake kwa weg lowo, wenye ardhi. Msiba wa Ochola si uchawi pekee. Ni msiba wa jadak aliyetajirika kuliko wenyeji wake akasahau kuwa amekaribishwa.

Neno hili jadak lifaa kuchukuliwa kwa uzito katika uhakiki, kwa kuwa linawaunganisha watu ambao kwa kawaida husomwa mbalimbali. Misheni nayo ilikuwa jadak. Ilipewa kilima, ikajenga. Wamenoni walioanza kazi yao Shirati mwaka 1934, na Waadventista wa Gendia kabla yao, wote walikaa kwa idhini: ya serikali ya kikoloni kwa karatasi, na ya wenyeji kwa mazoea. Tofauti ni kwamba jadak huyu hakudaiwa adabu ya jadak. Alipanga ratiba, akapiga kengele, akaamua nani abebe nini. Metroni Jack ni mgeni anayetawala nyumba aliyoijenga katika ardhi ya wengine, na wasichana wa Magwar ni wenye ardhi waliogeuzwa vibarua katika nyumba ya mgeni. Mtu akisoma hivyo, mgomo wa Magwar na miiba ya Ochola huwa sura mbili za suala moja: ni nani aliyealikwa, na kwa masharti gani.

Kuna tena Nyapol. Muda wote wa ugonjwa wa Ochola, mtu anayekaa karibu na mwili wake ni mke huyu aliyeipinga safari tangu mwanzo. Hana sare wala mshahara. Daktari anakuja na kwenda, Magungu anakuja na kwenda, Nyapol yupo. Ogot hasemi kwamba huyu ni muuguzi, na lugha ya Kiingereza aliyoitumia ingemzuia kusema hivyo, maana katika lugha hiyo jina la muuguzi limekwisha kumezwa na hospitali na vyeti vyake. Kiswahili kingemruhusu.

Hoja hii ya lugha inastahili kukaliwa kidogo. Kitenzi kuuguza kimetokana na kuugua kwa mnyambuliko ambao kwa kawaida huonyesha kusababisha, lakini hakuna Mswahili anayeelewa kuwa anayeuguza amemtia mwenziwe maradhi. Maana yake ni kuwa pamoja na anayeugua, kuubeba ugonjwa naye. Mtu husema, "Nauguza nyumbani," na jirani huelewa kwamba asimtarajie kazini wala arusini. Kitenzi hicho hicho humhusu mgonjwa mwenyewe: majeruhi husemwa kuwa anauguza majeraha yake. Basi katika kitenzi hicho mpaka baina ya anayelala kitandani na anayesimama kando yake si imara. Kidholuo kina njia yake: rito jatuo ni kumlinda mgonjwa, kumkalia macho kama mtu alindavyo shamba lisiliwe. Ni kazi ya jamaa. Ndiyo maana neno muuguzi, lilipokuja kutumiwa kama jina la cheo katika vitabu vya serikali na taarifa za habari, halikupokewa vizuri mitaani. Wakenya wengi husema nasi, Watanzania nesi, na mkubwa wao huitwa sista. Watu hawakukosa neno. Walihisi kwamba neno lao ni la kazi nyingine. Anayeuguza ni mama au dada; anayevaa sare ni nasi. Wataalamu wa istilahi wangeweza kujifunza kitu hapa kabla ya kulaumu umma kwa kupenda maneno ya kigeni.

Muuguzi wa Kiafrika katika hospitali ya misheni alisimama hasa katika ufa huo. Daktari alinena Kiingereza. Mgonjwa wa Kendu alinena Kidholuo. Akitoka milimani alinena Ekegusii, na akitoka upande wa Kehancha alinena Kikuria. Kiswahili kilikuwa daraja, mara nyingi daraja bovu. Aliyevusha maneno hayo alikuwa muuguzi au dresa, na kuvusha huko hakukuandikwa katika orodha yoyote ya majukumu yake. Mgonjwa aliyesema kwamba ana chira, yaani maradhi ya kukonda yanayomjia mtu aliyevunja mwiko, alihitaji mtu wa kuamua palepale: amtafsirie daktari neno hilo, au ambadilishie dalili tu, kukonda, kuhara, homa? Kila mojawapo ni uamuzi wa kitabibu uliofanywa na mtu asiyehesabiwa tabibu. Atakayeandika historia ya tafsiri katika Afrika Mashariki akaishia kwa Krapf na Biblia atakuwa ameacha wodi nzima nje.

Ogot alipogeukia Kidholuo mwanzoni mwa miaka ya 1980, akatoa Ber Wat na Aloo kod Apul-Apul mwaka 1981, kisha Miaha na Simbi Nyaima mwaka 1983, wengi walieleza hatua hiyo kwa siasa ya lugha iliyokuwa ikijadiliwa wakati huo nchini Kenya. Siasa hiyo ilikuwapo. Lakini upo mwendelezo mwingine. Muuguzi aliyetumia ujana wake akimhamishia mgonjwa maneno kwa daktari na daktari kwa mgonjwa, sasa aliketi na upande mmoja peke yake. Na kisa alichokichagua kutoka kusini ni kile cha mwanamke anayebisha hodi usiku. Ukikisoma baada ya Magwar, kisa cha Simbi hakibaki kuwa onyo la ukarimu tu. Bikizee yule ana mwili uliochoka, pengine mchafu, wenye harufu. Wanaomfukuza hawamfukuzi kwa kuwa ni adui; wanamfukuza kwa kuwa hawataki kumgusa. Mwanamke aliyeokoka aliokoka kwa kazi ya mikono: kumkaribisha motoni na kumhudumia. Hii ni kazi ile ile iliyokataliwa Magwar, lakini hapa inafanywa bila amri, na anayeifanya ni mwenye nyumba kwa mgeni wake. Tofauti yote imo humo.

Kwa sababu hiyo inasikitisha kidogo kwamba tawasifu ya Ogot, Days of My Life, iliyotoka Kisumu mwaka 2012, miaka mitatu kabla ya kifo chake, iliandikwa kwa Kiingereza. Kijiji kilichozama kilipewa Kidholuo. Maisha ya muuguzi yakapewa lugha ya metroni. Sababu za soko zinaeleweka, na hakuna anayeweza kumlaumu mwandishi aliyekwisha kuandika vitabu kadhaa kwa lugha ya mama yake. Lakini matokeo ni kwamba msomaji wa Kidholuo au wa Kiswahili anayetaka kujua siku za mwanafunzi wa uuguzi wa mwaka 1949 zilikuwaje, hana pa kuanzia katika lugha yake.

Pengo hilo limezidi kuwa la hatari kwa mambo yaliyotokea baadaye. Ugonjwa wa ukimwi ulipoenea, kusini mwa Nyanza kulikuwa miongoni mwa sehemu zilizoumizwa zaidi Kenya. Madaktari Wasio na Mipaka walianza kazi Homa Bay mwaka 1996, na mwaka 2001 hospitali ya serikali ya mji huo ikawa miongoni mwa za kwanza nchini kutoa dawa za kupunguza makali bila malipo. Baina ya miaka hiyo miwili kulikuwa na wodi zilizojaa watu wasio na dawa, na wauguzi ambao hawakuwa na cha kutoa isipokuwa maji, shuka na mikono. Neno chira lilirudi kwa nguvu, maana dalili zilifanana. Marjorie Oludhe Macgoye alilifanya jina la riwaya yake mwaka 1997, naye aliona, kama Ogot kabla yake, kwamba ugomvi juu ya jina la ugonjwa ni ugomvi juu ya nani atamkaribia mgonjwa. Dawa zilipopatikana, kazi nyingi zilizokuwa za daktari zilihamia kwa muuguzi, na nyingine zikahamia kwa wanawake wa vijijini. Dholuo ilikuwa tayari na jina lao: nyamrerwa, mkunga na mtibabu wa jadi. Jina hilo sasa hutumiwa kumwita hata mhudumu wa afya ya jamii anayepita boma kwa boma. Huko Lwala, katika kaunti ya Migori, ambako ndugu Milton na Fred Ochieng' walifungua zahanati mwaka 2007, baadhi ya wakunga wa jadi walifunzwa upya na kupewa kazi hiyo mpya. Mtu anayetaka kujua maana ya neno kuhama bila kuvunjika, na afuate safari ya neno nyamrerwa.

Fasihi ya Kiswahili imefanya nini na haya yote? Ukimwi umeandikwa. Kilio Chetu (1996) kiliingia madarasani, na Ua la Faraja (2004) ya William Mkufya ni riwaya kubwa kwa kila kipimo. Lakini anayeuguza kwa mshahara, mwenye zamu, mwenye kuchoka, mwenye kuogopa sindano iliyomchoma kidole, bado ni mhusika wa kupita: hufungua mlango, husema "subiri daktari," hutoweka. Akipewa nafasi kubwa zaidi huwa mkali asiye na utu, mwenye kukaripia wajawazito. Wauguzi wa namna hiyo wapo, na fasihi ina haki ya kuwasema. Lakini mhusika anayeonekana kwa ukali wake tu hajatazamwa. Wasifu nao umekuwa wa wanasiasa na wanajeshi. Inafaa kukumbuka kwamba kazi mojawapo iliyoweka msingi wa wasifu wa Kiswahili, Wasifu wa Siti binti Saad ya Shaaban Robert, ilimhusu mwanamke wa asili duni aliyepata jina kwa kazi yake, wala haikuona haya kuanza na chungu alizouza kabla ya nyimbo. Mwandishi huyo alijua kwamba heshima ya mtu haiharibiki msomaji akionyeshwa alichokishika kwa mikono. Fani ipo. Haijapelekwa Homa Bay.

Ugumu wa kuipeleka haupaswi kupuuzwa. Mwandishi wa wasifu wa muuguzi wa kusini atakutana na kumbukumbu za kituo zilizoandikwa kwa Kiingereza na wageni, ambamo wasichana wa Kiafrika hutajwa kwa jina la ubatizo tu; na atakutana na jamaa watakaopenda asifiwe, kwa kuwa mazishini hakuna kingine kisemwacho. Atavutwa kwenye ile fani ya meli, mbung'o na kaburi, akibadili rangi ya shujaa na kuacha yote mengine kama yalivyokuwa. Kazi kadhaa za kuwakumbuka watangulizi wa taaluma hii zimeanguka katika mtego huo, zikatoa orodha ya vyeti, nishani na tarehe za kupandishwa cheo. Ogot anasaidia hapa kuliko mwingine yeyote, hata kwa makosa yake, kwa kuwa alianza na swali la kihalisi: mikono ya nani, mwili wa nani, kwa amri ya nani.

Na mwisho wa "The Old White Witch", uliolaumiwa hapo juu, unaweza kusomwa mara ya tatu kwa swali hilo hilo. Adhiambo amelala katika wodi aliyoikimbia. Hawezi kusimama. Mgonjwa wa hali hiyo hahitaji kwanza sala wala msamaha. Anahitaji kile chombo, mara kadhaa mchana na usiku, na mtu wa kukileta, kukiondoa, kukiosha na kukirudisha. Wenzake ni wagomaji. Jamaa zake wako uani. Metroni yuko mlangoni.